Kisukari cha aina ya pili huanzia wapi

Mtu anayetoka maabara na karatasi inayosema ana kisukari cha aina ya pili huanza kwa kujitafutia kosa: nilikula nini? Ndugu na majirani huwa na majibu tayari. Mmoja atasema ni ile chai ya vijiko vinne, mwingine atasema ni mawazo tangu alipofiwa, wa tatu atakumbusha kwamba hata bibi wa upande wa mama alikuwa na sukari, na hakosekani wa kunong'ona kuhusu mkono wa mtu. Ukiliweka kando jibu la mwisho, kila moja lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana majibu haya hayang'oki kirahisi. Hata hivyo, hakuna linaloeleza ugonjwa wenyewe unavyojengeka ndani ya mwili, na asiyejua unavyojengeka hawezi kujua kwa nini jirani yake mnene yuko salama ilhali yeye mwembamba anameza vidonge.

Kwanza aina zenyewe zitenganishwe. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hugeuka na kuziangamiza seli zinazotengeneza insulini, hivyo mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, hubaki bila homoni hiyo na hawezi kuishi bila sindano. Aina ya pili, ambayo ndiyo zaidi ya asilimia 90 ya kisukari chote duniani, haianzi hivyo. Mgawanyo mwingine unaosikika sana mitaani, wa «sukari ya kupanda» na «sukari ya kushuka», hauna uhusiano na aina hizi mbili. Sukari inayoshuka kwa mgonjwa wa kisukari kwa kawaida hutokana na dawa au sindano iliyozidi chakula alichokula, na mtu mmoja anaweza kupandishwa asubuhi na kushushwa jioni akiwa na ugonjwa uleule.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kiasi cha sukari kilichomo katika damu, kwa sababu ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5, na anapokuwa hajala, kila lita hubeba karibu gramu 1 ya glukosi. Hizo ni gramu 5 kwa mwili wote, yaani kijiko kimoja cha chai. Kizingiti ambacho Shirika la Afya Duniani hutumia kutambua kisukari kwa mtu ambaye hajala ni milimoli 7.0 kwa lita, nacho kikigeuzwa kuwa gramu ni kama 6 na ushee kwa damu yote. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kunywa chochote, mwenye afya na aliyeingia tu kwenye ugonjwa wanaweza kutofautiana kwa gramu moja au mbili. Saa chache baadaye sahani iliyojaa ugali au wali huweza kuingiza gramu 80 au zaidi za wanga, ambao karibu wote humeng'enywa na kuwa glukosi. Ni wazi basi kwamba damu ya mwenye afya haibaki tulivu kwa sababu hali vyakula vyenye sukari; inabaki tulivu kwa sababu mwili wake unaiondoa sukari hiyo kwenye damu karibu kwa kasi ileile inayoingia.

Msimamizi wa kazi hiyo ni insulini, na insulini hutengenezwa na seli beta zilizo ndani ya kongosho, katika vijisehemu vinavyoitwa visiwa vya Langerhans kwa jina la Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869, Paul Langerhans. Kongosho la mtu mzima kwa kawaida halizidi gramu 100, na visiwa hivyo ni kama asilimia 1 au 2 tu ya uzito wake. Kwa watu wengi, basi, usalama wote wa sukari mwilini unategemea tishu ya gramu moja au mbili. Insulini inapotoka huifanya misuli ifungue milango ya glukosi, hulizuia ini kuendelea kutengeneza glukosi yake, na huziamuru seli za mafuta zishike mafuta yao badala ya kuyaachia kwenye damu. Kazi hii ya pili, ya kulizuia ini, haizungumzwi vya kutosha kliniki, na kwa kutozungumzwa huwaacha wagonjwa wengi njia panda.

Mfikirie mgonjwa aliyekula kipande cha samaki na mchicha saa moja usiku, akalala, akaamka saa kumi na mbili, akajichoma kidole na kukuta mashine inaonyesha milimoli 9.4 kwa lita. Hajala wanga wowote kwa saa kumi na moja. Wengi hufikia uamuzi kwamba mashine ni mbovu, au kwamba mboga zenyewe zina sukari, au kwamba dawa haifanyi kazi kwa hiyo hakuna haja ya kuimeza. Sukari ile imetoka kwenye ini. Usiku kucha ini la mtu mwenye kilo 70 hutoa takriban gramu 8 za glukosi kila saa, kwa sababu ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku na hauwezi kusubiri kifungua kinywa. Kwa mwenye afya, insulini kidogo inayodondoka usiku hulifanya ini litoe kiasi kinachohitajika na kisizidi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ini halisikii vizuri amri hiyo, linatoa kupita kiasi, na mtu anaamka na sukari ya juu ambayo hakuila. Metformini, dawa ambayo karibu kila mgonjwa mpya huanzishiwa, inafanya sehemu kubwa ya kazi yake hapohapo, kwa kulipunguza ini kasi.

Kutosikia huko ndiko kunakoitwa ukinzani wa insulini, na kugunduliwa kwake kuliwashangaza watu waliokuwa wakidhani kisukari chote ni upungufu wa insulini. Mwaka 1936 daktari Mwingereza Harold Himsworth, akifanya kazi London, aliwapa wagonjwa wake glukosi na sindano ya insulini kwa wakati mmoja, akaona kwamba wapo ambao sukari yao ilidhibitiwa mara moja, na wapo ambao insulini ileile haikuwafanyia lolote la maana. Uthibitisho ulisubiri zaidi ya miaka ishirini, hadi Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipobuni huko New York njia ya kupima insulini yenyewe ndani ya damu. Walipowapima watu wazima wenye kisukari walikuta insulini imo, na kwa baadhi yao ilikuwa nyingi kuliko ya watu wazima wasio wagonjwa. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa njia hiyo ya upimaji. Berson alikuwa ameshafariki.

Hapa ndipo maelezo mengi huishia: mwili umekuwa mkaidi kwa insulini, basi, huo ndio ugonjwa. Kwa maoni yangu huo ni mwanzo wa maelezo tu, na kuishia hapo kumeleta upotoshaji. Watu wengi sana wana ukinzani wa insulini na hawatapata kisukari maishani mwao. Kongosho lenye nguvu likikuta misuli na ini havisikii, huongeza sauti: hutoa insulini mara mbili, mara tatu, na sukari hubaki ilipokuwa. Mjamzito karibu na kujifungua huwa na ukinzani mkubwa wa insulini kwa sababu ya homoni za kondo la nyuma, na bado wajawazito wengi sukari yao haipandi. Kisukari hutokea pale ambapo mahitaji yameongezeka na seli beta zimeshindwa kuyafikia. Zikiweza kuongeza, hakuna ugonjwa. Zikishindwa, hata ukinzani wa wastani unatosha.

Kushindwa huko huanza kimyakimya mapema kuliko mgonjwa anavyodhani. Uchunguzi mkubwa wa kisukari uliofanyika Uingereza kuanzia mwaka 1977, ambao uliwafuatilia wagonjwa wapya zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba siku mtu anapoambiwa ana kisukari, uwezo wa seli zake beta kwa wastani ulikuwa umeshapungua kwa karibu nusu. Watafiti walipourudisha nyuma mstari wa kupungua huko, ulifika miaka kumi au zaidi kabla ya siku ya kipimo. Kwa hiyo anayehesabu kwamba ugonjwa ulimwanza baada ya msiba wa mwaka jana, au baada ya sherehe za sikukuu, anahesabu siku ulipoonekana. Msiba unaweza kuwa umeusukuma ujitokeze, kwani homoni za msongo kama kotisoli hulifanya ini litoe glukosi zaidi, lakini mwili uliosukumwa ulikuwa umeshafika ukingoni.

Swali linalofuata ni nini kinalifanya ini na misuli visisikie, na nini kinazidhoofisha seli beta. Jibu la sasa, kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, ni mafuta yaliyokaa mahali pasipo pake. Mwili umeandaliwa ghala la mafuta chini ya ngozi, kwenye mapaja, makalio na mikono, na mafuta yakikaa humo hayana madhara makubwa kwa sukari. Ukubwa wa ghala hilo hautegemei mwonekano wa mtu. Wapo waliozaliwa na ghala kubwa na wapo waliozaliwa na dogo. Chakula kinapozidi matumizi mwaka baada ya mwaka, ghala hujaa, na ziada hutafuta pa kukaa: kuzunguka matumbo, ndani ya misuli, ndani ya ini, na hatimaye ndani ya kongosho lenyewe. Ini lililojaa mafuta halitii insulini na huanza kusafirisha mafuta zaidi kwenye damu, baadhi yake yakiishia kwenye kongosho, ambako huzizuia seli beta kufanya kazi. Sukari ikipanda, insulini huongezeka, na insulini nyingi hulifanya ini litengeneze mafuta mengine. Mzunguko huu wa kulishana kati ya ini na kongosho ulielezwa mwaka 2008 na Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na sifa yake ni kwamba ungeweza kujaribiwa: kama mafuta ndiyo chanzo, kuyaondoa kungepaswa kuurudisha ugonjwa nyuma.

Akajaribu. Mwaka 2011 kundi lake lilitangaza matokeo ya wagonjwa 11 waliokula takriban kalori 600 tu kwa siku kwa majuma manane. Ndani ya siku saba sukari ya kabla ya kula ilirudi katika hali ya kawaida, sambamba na mafuta ya ini kupungua. Kongosho lilichelewa zaidi, lakini kufikia juma la nane utoaji wake wa insulini ulikuwa unakaribia ule wa watu wasio na kisukari. Mwaka 2017 yakaja matokeo ya jaribio kubwa la Scotland na Tyneside, eneo la kaskazini mwa England, lenye washiriki 306, wote wakiwa na ugonjwa usiozidi miaka sita. Katika kundi lililopunguziwa chakula chini ya usimamizi, asilimia 46 walikuwa wameachana na kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa, na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Wale waliokaa na ugonjwa kwa miaka mingi hawapati matokeo hayo kirahisi, kwa kuwa seli beta zilizobanwa muda mrefu hazirudi zote. Na ni lazima niseme wazi: anayemeza vidonge vya kushusha sukari au kujichoma insulini, akijinyima chakula kwa namna hiyo bila daktari, anaweza kuzimia njiani.

Habari ya ghala ndiyo inayoeleza jambo linalowatatiza watu wengi. Mtu mnene mwenye ghala kubwa anaweza kubeba kilo 110 huku ini lake likiwa safi. Mwingine mwenye kilo 68 na kitambi kidogo ambacho hata fundi suruali hakitilii maanani anaweza kuwa ameshavuka kiwango chake. Kundi la Newcastle lilifanya jaribio jingine kwa wagonjwa 20 ambao hawakuwa wanene, na 14 kati yao waliachana na kisukari kwa kupungua kilo chache tu. Kipimo cha uzito kwa urefu, ambacho hospitali hukitegemea, kilitokana kwa kiasi kikubwa na takwimu za Wazungu, na kwa watu wenye asili ya Asia ya Kusini hatari huanza uzito ukiwa mdogo zaidi. Kliniki za Dar es Salaam na Mombasa zimeliona hilo kwa miongo mingi katika familia zenye asili ya Kihindi, ambamo si ajabu kukuta baba, shangazi na mtoto wa miaka thelathini na mitano wote wanatumia vidonge vilevile.

Tukija kwa Waafrika wa ukanda wetu picha inabadilika tena, na hapa ndipo ninapoona vitabu vinavyofundishia vimechelewa. Nchini Uganda, wagonjwa wapya wasio na dalili zozote za kinga kushambulia kongosho walipochunguzwa, karibu theluthi moja walikuwa na uzito wa kawaida au pungufu, na insulini iliyotoka kwenye kongosho zao ilikuwa kidogo kuliko ya wenzao wanene. Mwanza nako, uchunguzi wa watu wazima ulionyesha kwamba udhaifu wa seli beta ulichangia zaidi kuliko ukinzani wa insulini. Kwa kundi hili la wagonjwa tatizo kubwa haliko kwenye mahitaji yaliyopanda mno. Liko kwenye kongosho lililoanza maisha likiwa na akiba ndogo, kiasi kwamba ongezeko dogo la uzito, au umri peke yake, vinalishinda.

Akiba hiyo ndogo inatoka wapi? Sehemu kubwa ya seli beta za mtu hujengwa akiwa tumboni na katika miaka michache ya mwanzo wa maisha, na baada ya hapo huongezeka kidogo sana. Mwaka 1992 Nicholas Hales na David Barker, baada ya kuona kwamba wanaume wa Uingereza waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na kisukari zaidi ukubwani, walipendekeza kwamba mtoto anayekosa chakula tumboni hulinda ubongo wake kwa gharama ya viungo vingine, kongosho likiwemo. Majaribio ya kikatili ya historia yaliwaunga mkono. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 hadi 1945 walipopimwa wakiwa na miaka kama hamsini, sukari yao saa mbili baada ya kunywa glukosi ilikuwa juu kuliko ya waliozaliwa kabla au waliotungwa mimba baadaye. Huko Enugu, Nigeria, waliokuwa tumboni au wachanga katika njaa ya vita vya Biafra walionyesha dalili hizohizo walipofika miaka arobaini. Hakuna haja ya vita ili jambo hili litokee; mama mwenye malaria isiyotibiwa, upungufu wa damu na mlo mmoja kwa siku katika miezi ya kusubiri mavuno anaweza kujifungua mtoto wa kilo mbili. Mtoto huyo akikulia kijijini akilima hadi uzee huenda asione lolote. Akihamia mjini, akakaa kwenye kiti, akala chipsi mayai, kongosho lililoandaliwa kwa maisha ya uhaba linatakiwa kuhudumia maisha ya wingi.

Kuhamia huko kwenye maisha mengine kunaonekana kwenye takwimu za Tanzania, ingawa zisomwe kwa tahadhari. Uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Namba hizi haziwezi kuwekwa pamoja moja kwa moja, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini na ulitumia njia tofauti ya kupima. Hata hivyo hakuna marekebisho ya kihesabu yanayoweza kulifuta pengo lote. Jeni za taifa hazibadiliki ndani ya miaka ishirini na mitatu.

Jeni zenyewe hazipuuzwi. Mwenye mzazi mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili anakadiriwa kuwa na uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukipata maishani, na mwenye wazazi wote wawili hukaribia asilimia 70. Lakini hakuna jeni moja ya kisukari hiki. Zimepatikana mamia ya sehemu za vinasaba zinazochangia, kila moja kidogo, na iliyo na nguvu zaidi miongoni mwa zile za kawaida, TCF7L2, iliyotambuliwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006, huathiri zaidi utoaji wa insulini. Ni vema kukumbuka pia kwamba familia hurithishana mambo mengi pamoja na jeni: sufuria, saa za kula, ukubwa wa pakuo, na imani kwamba mgeni asiyekunywa soda hakukaribishwa.

Sasa turudi kwenye kijiko cha sukari ndani ya chai, kwa kuwa wapo wanaosema kwa kujiamini kwamba sukari haileti kisukari. Wanakosea nusu. Sukari ya mezani haiendi kukaa kwenye damu na kugeuka ugonjwa; inachangia kwa njia ya mzunguko, kwa kuongeza uzito na kwa kulijaza ini mafuta. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na fruktosi, tofauti na glukosi, sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, ambalo likipokea nyingi kwa mkupuo huigeuza kuwa mafuta. Vinywaji ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu havishibishi: chupa ya soda ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari, na anayeinywa hapunguzi chapati hata moja kwa ajili yake. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaokunywa vinywaji vya namna hii kila siku hupata kisukari zaidi, hata uzito wao ukizingatiwa katika hesabu. Juisi ya miwa au ya embe iliyochujwa haina msamaha wowote mbele ya ini. Kijiko kimoja ndani ya chai ya asubuhi ni jambo dogo. Vikombe vitano vya vijiko vitatu ni gramu 60 hadi 75 kwa siku, na hapo chai imekuwa soda.

Upande wa pili wa mlo ni matumizi, na hapa misuli ndiyo mwenye nyumba, kwa kuwa ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya glukosi baada ya kula. Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake ya glukosi hata bila insulini. Ndiyo maana mwendo wa haraka wa nusu saa baada ya chakula cha jioni huishusha sukari papo hapo, na ukinzani hubaki umepungua kwa siku moja au mbili. Msuli uliokaa tuli hujaza akiba yake na kufunga mlango. Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2002, lenye washiriki 3,234 waliokuwa na sukari ya kukaribia ugonjwa, lilionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma walipunguza hatari kwa asilimia 58, wakati metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Mtu anayeacha kutembea kilomita tatu kwenda kazini kwa kuwa bodaboda imefika mlangoni amejipunguzia dakika nyingi kuliko hizo bila kuona amebadilisha chochote.

Vipo visababishi vingine vinavyotajwa kwa ufupi, lakini si vya kudharauliwa. Uvutaji sigara huongeza hatari. Kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kama walivyo walinzi na madereva wa malori ya masafa, hudhoofisha utendaji wa insulini hata kwa kijana mwenye afya ndani ya juma moja. Dawa za jamii ya steroidi kama prednisoloni, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinaweza kupandisha sukari kwa walio ukingoni. Faida zake kwa kawaida ni kubwa kuliko hatari hiyo, na jibu ni kupimwa, kamwe si kuziacha. Umri nao huzipunguza seli beta nguvu, na taratibu misuli hupungua huku mafuta yakichukua nafasi yake. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ameonyeshwa na mimba yake kwamba kongosho lake halina akiba kubwa: sukari hushuka baada ya kujifungua, kadi ya kliniki inawekwa kabatini, na hatari yake ya kupata aina ya pili baadaye inabaki takriban mara kumi ya ile ya mwenzake. Kwa mama huyu kipimo cha kila mwaka kina maana kuliko kwa mtu mwingine yeyote katika nyumba.

Kinachofuata kwenye tiba kinategemea upande uliozidiwa. Mtu wa kilo 95 mwenye ini la mafuta na ugonjwa wa miaka miwili ana sababu nzuri ya kuambiwa apunguze chakula, tena kwa nguvu. Lakini kila siku huambiwa hivyohivyo, kutoka kwenye karatasi ileile ya ushauri, mtu wa kilo 52 ambaye suruali zinamlegea na anakojoa mara nne usiku. Huyu anahitaji maswali kabla ya karatasi: je, ni aina ya kwanza iliyochelewa kujitokeza, ni kongosho lililoharibiwa na pombe, ni kifua kikuu ambacho mara nyingi huandamana na kisukari, au ni ile hali ya kongosho lenye akiba ndogo? Huenda akahitaji insulini mapema na chakula zaidi chenye protini, na kumnyima ugali bila kumpa kitu badala yake ni kumpunguza misuli, ambayo ndiyo mahali pekee pakubwa palipobaki pa kupokea sukari yake.